Pumzi Mbili za Ghorofa ya Tatu

Mawingu yalikuwa yamelala juu ya Jumba la Mkongeni tangu Ijumaa, na mchuzi ulikuwa umekonda.

Mchuzi ndilo jina tuliloyapa maji ya chumvi yanayopita ndani ya kuta zetu. Fundi aliyenifundisha kazi hakulipenda jina hilo, lakini wakazi walikuwa wameshalizoea, nami nikalizoea. Kila ukuta una ngozi nyembamba inayopitisha mvuke na kuzuia maji. Nyuma ya ngozi hiyo mchuzi unatambaa taratibu, ukinywa unyevu wote unaoletwa na hewa: pumzi, jasho, mvuke wa chai. Ukinywa unapata joto, na mabomba yaliyofukiwa chini ya msingi yanalizamisha joto hilo udongoni. Ukishiba unakuwa mwepesi. Pampu inaupandisha darini, jua linaukausha, unarudi chini mzito, wenye kiu. Mawingu yakikaa, haukauki. Ndipo tunaposema umekonda.

Asubuhi hiyo nilikuwa chumba cha chumvi nikitazama mirija. Kila nyumba ina mrija wake wa kioo, na ndani ya mrija kuna boya dogo jekundu. Mchuzi mzito hulibeba boya juu; mwepesi huliacha lizame. Maboya yote yalikuwa yameshuka kidogo, kama nilivyotarajia. Moja lilikuwa limezama hadi chini kabisa. Lilikuwa la nyumba ya mama yangu.

Nilipofika mlangoni kwake nilisikia harufu ya majani ya mkwaju yaliyochemshwa. Mdogo wangu Kibibi alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia. Sikuhitaji kuambiwa.

"Ingia upesi ufunge mlango," mama alisema. "Mzazi asije akaingiwa na baridi."

Baridi! Pale getini tuna kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Kinapima joto bichi, lile ambalo jasho haliwezi kulipoza, kwa sababu hewa imeshajaa maji na haina pa kulipokea. Kikipanda hadi alama nyekundu, mtu mzima mwenye afya akikaa kivulini bila kufanya lolote, mwili wake unajipika wenyewe. Kilikuwa kimebakiza upana wa kidole. Na mama yangu alikuwa na sufuria la pilau lililojaa maji yanayotokota, taulo mbili begani, na Kibibi amelala kifudifudi mkekani akikandwa kiuno.

Nilimkumbusha kwamba tulikatazana kuchemsha maji mpaka jua litoke. Akajibu kwamba walikatazana watu wasiozaa.

"Mimi nilikandwa siku arubaini," akasema. "Bibi yako alinikanda mpaka mifupa ikarudi mahali pake. Huyu nimwache na tumbo kama mfuko kwa ajili ya boya?"

"Mvuke huu haukai humu, mama."

"Nimefunga madirisha yote. Utakwenda wapi?"

Nilimwonyesha chini ya mlango. Alikuwa ametandika kanga pale kuziba upenyo, na pindo la kanga lilikuwa likipepea kuelekea nje. Hewa yenye mvuke na joto ni nyepesi, inatafuta pa kupandia; itapita upenyo wa mlango, itashika ngazi kama mgeni anayejua anakokwenda, na itakapokuta ukuta uliopoa huko juu itageuka maji. Madirisha alikuwa ameufungia mtaa. Majirani zake aliwaacha wazi.

Mama si mjinga. Alitazama pindo lile likicheza, akazima jiko.

"Usiniaibishe kwa watu, Mishi," akasema kwa sauti ya chini. "Watasema mama wa fundi ndiye anayeharibu hewa ya wenzake. Na utasemwa wewe kabla yangu."

Kibibi, uso ukiwa mkekani, akasema kwamba angalau wamalizie upande mmoja, maana sasa amekandwa nusu na atatembea upogo. Tulicheka wote watatu. Nilishuka nikamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Shemhina, kwamba shida ni mawingu. Haikuwa uongo mtupu. Lakini masikio yalikuwa yakiniwaka nilipokuwa nikisema.

*

Mchana kipimajoto kilifika kwenye alama, na kuta za juu zikaanza kutoa jasho.

Watu wa ghorofa ya nne walikuja wameshika matambara, wakiniuliza wafute kwa kitu gani. Niliwaambia waache kufuta. Nilipima mchuzi mzito uliobaki tangini: haukutosha nyumba zote, wala nusu yake. Ungetosha chumba kimoja kikubwa mpaka mawingu yapasuke. Chumba hicho kilikuwa ukumbi wa chini, tunamofanyia harusi na hitima.

Nilimweleza Mzee Shemhina kwamba nataka kufunga koki za nyumba zote na kuwashusha watu wote ukumbini.

"Mkwe na mkaza mwana, chumba kimoja?" akauliza. "Mzee wa watu na suruali yake ya kulalia? Watu watatazamana namna hiyo?"

Nikamwambia watatazamana wakiwa hai. Akakubali kwa kuinua mkono tu, kama mtu anayeruhusu jino ling'olewe.

Wakashuka. Sijui kama umewahi kuona jumba zima likitoka na vitu vyake vya ndani. Mwalimu ambaye tulidhani nywele zake ni nyeusi alishuka na chupa ya rangi mkononi, ameshindwa kuiacha na ameshindwa kuificha. Mume na mke waliokuwa wakijisifia meza ya chakula walishuka na sufuria moja na vijiko viwili. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Wote walitazama sakafu.

Halafu wakafanya kile ambacho watu wetu wangekifanya popote, hata kwenye mashua inayozama. Wanawake walitoa kanga zao, wakaziunganisha kwa pini, wakazitundika kwenye kamba katikati ya ukumbi, huku wanaume, huku wanawake. Lilikuwa pazia zuri. Lilifanywa kwa haraka na kwa heshima, na baada ya hapo watu waliweza kuinua macho.

Ukuta hauendi kwa mtu. Hewa ndiyo inayopaswa kwenda kwenye ukuta, iguse ngozi, iache maji yake, irudi ikiwa kavu. Ukumbi ule una feni moja kubwa upande waliokaa wanaume, na ngozi pana zaidi iko upande huo huo. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, hewa ilisimama. Niliona mashavu ya mtoto wa Kibibi yakigeuka mekundu, kisha yakaanza kung'aa. Nikaifungua kamba.

Kanga zikaanguka. Kibibi alikuwa akinyonyesha, kichwa wazi, mbele ya baba mkwe wake aliyekuwa akitazamana naye uso kwa uso. Mzee wa watu aligeuka ukutani haraka mpaka akajigonga paji. Mama yangu alinitazama kwa jicho ambalo sijaonyeshwa tangu utotoni. Nilitamani sakafu inimeze. Feni ikapuliza, na mashavu ya mtoto yakakauka.

Ila ukuta wa ukumbi haukunyamaza. Baada ya muda nao ukatoa vitone vidogo, na nilijua sababu. Koki zote nilikuwa nimezifunga isipokuwa moja, ya ghorofa ya tatu.

*

Kazi yangu ina mwiko mmoja. Boya linaeleza mengi. Nani ameoga mara mbili, nani analia chumbani, nani hulala na nani, nyumba ya nani haijapika leo. Mwiko ni kwamba nikisoma ninafunga mdomo. Bila mwiko huo hakuna mtu ambaye angekubali kuishi ndani ya kuta zinazompima.

Kwa Bi Zamda, ghorofa ya tatu, boya lilikuwa likisoma pumzi mbili.

Jumba lote lilijua kwamba anaishi peke yake. Mumewe, Bwana Semboja, alikuwa mwimbaji wa taarabu, mtu wa kanzu iliyonyooshwa ikanyooka, aliyekuwa akisimama ukumbini humu kwenye harusi na wanawake wakasahau wamekuja kumtazama nani. Zaidi ya mwaka mmoja uliopita alikwenda Mombasa kwa shughuli za muziki, ndivyo tulivyoambiwa na Bi Zamda. Watu waliulizia, kisha wakachoka kuulizia, kisha wakaanza kusema ameoa huko. Bi Zamda alimeza maneno hayo na kuitikia salamu.

Mimi nilijua kwamba mumewe hajatoka hata siku moja. Niliona kwenye mrija pumzi za mtu anayelala mchana na usiku, na maji ya kuosha yaliyotumika saa ambazo watu hawaogi. Nilijua ni ugonjwa. Nilijua pia aliyetaka siri hiyo ni nani, maana kumficha mtu ndani ya nyumba namna hiyo hakuwezekani bila yeye mwenyewe kutaka. Nikafunga mdomo.

Ndiyo maana niliiacha koki yake wazi. Nilisema moyoni, mmoja tu, wawili tu, wakae na sitara yao. Lakini bomba la ghorofa ya tatu ni refu, na mchuzi uliokwenda huko ulirudi mwepesi. Ukumbini kulikuwa na watoto, wazee, na kichanga cha wiki moja. Nilisimama chumba cha chumvi mkono ukiwa kwenye koki mpaka chuma kikapata joto la kiganja changu. Nikafunga. Kisha nikapanda ngazi, nikiwa na vijana wanne.

Kwenye ngazi hewa ilikuwa nzito, mtu alikuwa kama anaivuta kwa kijiko. Niligonga.

"Mimi sijambo," Bi Zamda alisema kutoka ndani, kabla sijamwita. "Nyinyi kaeni huko. Nitashuka baadaye."

Nilimwambia nimefunga koki. Akasema amesikia, si neno, ana feni ya mkono. Nikamsihi kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa kwenye mlango, nikamwambia najua, afungue, sitasema kitu. Nilimsikia akipumua upande wa pili, karibu sana. Hakufungua.

Vijana walikuwa wakilowa. Mmoja wao akasema, tena kwa adabu, kwamba mama mwenyewe hataki na ni mtu mzima, tumwache, kule chini kila mlango ukifunguliwa unyevu unaingia. Wawili walikuwa wameshageuka. Ningewaambia nini ili warudi? Mlango ule peke yangu nisingeweza kuuvunja, na mgonjwa peke yangu nisingeweza kumbeba.

"Hayuko peke yake," nikasema. "Bwana Semboja yumo ndani. Ni mgonjwa, hawezi kutembea. Vunjeni."

Sikupiga kelele. Lakini ngazi zile zinabeba sauti kama zinavyobeba mvuke, na chini ukumbi mzima ulinyamaza.

Hawakuhitaji kuvunja. Komeo lilitoka. Bi Zamda alisimama kando bila kunitazama, wakaingia. Bwana Semboja alikuwa amelala kwenye godoro safi, shuka safi, kanzu imetundikwa juu yake, imenyooshwa. Nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka na mdomo umekwenda upande. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, kavu, ya moto. Alikuwa ameshaacha kutoa jasho, na hiyo ndiyo dalili ya mwisho. Walipomwinua aliinua mkono mmoja mzima aliokuwa nao, akaufunika mdomo. Bi Zamda akavua ushungi wake akamtandikia usoni, akatembea kichwa wazi ngazi zote mpaka chini.

Watu walipisha. Wengi waligeuza nyuso, Mungu awalipe. Tukamlaza mbele ya feni, tukamlowesha kwa maji safi, na hewa kavu ikaanza kufanya kazi yake juu ya ngozi yake. Na katika ukimya ule, Bi Kidawa wa ghorofa ya pili, ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite, akasema:

"Kumbe Mombasa iko ghorofa ya tatu."

Kuna waliocheka. Si wengi. Nilimwona Bi Zamda akihesabu ni akina nani.

Kisha mtu mwingine akasema ndiyo maana kuta zimelowa, kumbe kuna mtu amefichwa anapumua hewa ya watu bila kuandikwa. Wengine wakaitikia. Ilikuwa inakwenda kuwa ndiyo habari yenyewe. Nikasimama.

"Pumzi za mgonjwa mmoja hazijazi kikombe cha kahawa," nikasema. "Kuta zimeloweshwa na sufuria la maji ya kukandia. La mama yangu. Nililiona asubuhi, nikanyamaza."

Mama alikuwa ameketi karibu na mlango. Alivuta kanga akajifunika kichwa, uso, mpaka magoti, na akakaa hivyo mpaka jioni, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Kibibi alimshika mguu juu ya kanga. Mimi sikuthubutu kusogea.

*

Upepo ulikuja na jua likatoka. Hakufa mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu lilisemwa mara moja tu, katika kikao tulichofanya ukumbini baadaye, halafu watu wakahamia kwenye makosa yangu.

Mzee Shemhina aliyataja bila ukali. Nilificha la mama yangu mpaka nilipobanwa. Niliangusha pazia. Nilivunja mwiko. La kwanza nilikiri na kulipokea: wakaamua mama asipike nyumbani mpaka mwisho wa mwezi, nami nisafishe mirija yote bila ujira. La pazia, baba mkwe wa Kibibi mwenyewe aliomba liachwe, akishika uvimbe wa paji lake, na watu wakapata kicheko walichokihitaji. Likabaki la tatu.

Wengine walisema fundi anayesema ninachokifanya ndani kwangu simtaki. Walikuwa na haki. Tangu siku ile baadhi yao walikuwa wamebandika karatasi za nailoni juu ya ngozi za kuta zao, wakijizibia hewa yao wenyewe ili nisiwasome.

Bi Zamda aliomba kusema. Alisimama polepole. Alikuwa amefunga ushungi mpya, umebana.

"Mimi sina ugomvi na Mishi," akaanza. "Najua alichokifanya. Mume wangu anapumua. Alipopooza aliniomba kitu kimoja. Watu wasimwone. Wamkumbuke na kanzu. Mimi nikaitwa mke aliyeachwa, nikakubali. Sasa amegeukia ukutani. Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo. Anadhani nilimtoa mimi."

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mlangoni pale.

"Njoo umwombe radhi. Umwambie ulikosea. Maneno mawili tu, mwanangu. Labda atakula."

Mzee Shemhina alinitazama kama mtu anayekusukumia kiti. Mama alinitazama pia, naye alikuwa hajasema nami tangu siku ile, na uso wake ulikuwa ukisema sema basi, yaishe. Lilikuwa jambo rahisi. Ningetoka pale nimesamehewa na kila mtu.

Nilifikiria kupanda ngazi, kukaa kando ya godoro lile safi, na kumwambia Bwana Semboja kwamba nilikosea. Nilikosea nini? Nilikosea kukujia. Mlango wako ungebaki umefungwa, na leo tungekuwa tunakukumbuka na kanzu. Hilo ndilo ningekuwa namwambia, kwa sauti nzuri na macho chini. Na hilo ndilo alilokuwa akiamini tayari, amegeukia ukutani.

"Nitakuja, Bi Zamda," nikasema. "Nitakuja kila siku nimlishe, akinikubali. Akinitukana nitakaa nimsikilize. Nitamwambia si wewe, ni mimi niliyesema, na watu wote walisikia."

"Na radhi?"

"Naona aibu. Nikikutana nawe kwenye ngazi sijui niweke wapi macho. Lakini joto likirudi na mlango ukifungwa tena, nitasema tena, kwa sauti ile ile."

Alisubiri. Alikuwa bado anasubiri maneno yake mawili.

"Siombi radhi," nikamwambia.